Rafiki wa Kujitolea

Mtu mwenye ulemavu wa akili huhudumiwa na mzazi, mwalimu na daktari. Lakini ni nani humtembelea kwa kumpenda tu?

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kuheshimiwa na kutoitwa majina ya dharau. Haki hiyo haimfikii akifichwa nyumbani, ambako hata akidhulumiwa hakuna wa kujua.

Rafiki wa kujitolea huenda naye sokoni, kanisani au msikitini. Humsindikiza kwa chifu kutafuta kitambulisho, na karani akimuuliza rafiki maswali, hujibu: "Muulize mwenyewe, yuko hapa."

Rafiki halipwi. Sharti ni moja: akiahidi Jumamosi, afike Jumamosi.

Mtaani kwenu, ni nani anayengoja kupigiwa hodi?