MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI
Hotuba juu ya biashara ya kutunza nchi, iliyosomwa na mwanachama wa reli mbele ya mkutano wa wafanya kazi wa Bofu, Likoni



Katika mkutano uliopita palikuwa na swali ambalo halikumalizika kwa sababu ya saa. Vijana wa mtaa wetu, pamoja na akina mama kadha wa kadha, wanataka kukusanya taka na kuziuza zile zinazouzika, na baadaye kuotesha mikoko pwani. Wameomba chama kiwasaidie fedha kidogo za kuanzia. Mwanachama mmoja akasimama akasema, "Ada zetu ni za kutetea mishahara. Mikoko na hewa ni mambo ya wageni." Wengi mlimpigia makofi. Kamati imeniomba nieleze jambo hili, kisha ninyi wenyewe mtaamua kwa kura.

Nasema wazi tangu mwanzo nionavyo mimi. Jambo hili ni letu, lakini kwa sharti moja. Biashara ya kutunza nchi itatufaa ikiwa wanaoifanya kazi na wanaokaa pale ndio wenyewe, na daftari lake liko wazi mbele yao. Sharti hilo likikosekana, hata biashara yenye jina zuri yaweza kutudhuru.

JINA JIPYA, KAZI YA ZAMANI

Watu wa vyuo huiita kazi ya namna hii "ujasiriamali wa kijamii". Jina ni refu lakini maana yake si ngumu. Ni biashara ya kweli, inayouza na kununua na kulipa mishahara, ila faida yake haiingii mfukoni mwa tajiri mmoja. Hurudi kuondoa shida ya watu wote, kama vile maji, shule, uchafu au msitu unaokwisha. Si sadaka, maana mfadhili akichoka sadaka hukatika na kazi hufa siku ile ile. Wala si kampuni ya kawaida, maana kampuni ya kawaida huuliza kwanza mwenye hisa atapata nini.

Sisi watu wa vyama hatuna haja ya kustaajabu. Mwaka wa 1844 mafundi wa mji wa Rochdale kule Uingereza, baadhi yao wafumaji wa nguo, walichanga akiba zao wakafungua duka lao wenyewe. Wakati ule wenye maduka wengi walichanganya unga na vitu vingine ili uzito uongezeke. Wale mafundi waliuza chakula safi kwa kipimo cha haki, kila mwanachama alikuwa na kura moja, na faida iligawanywa kwa wanunuzi. Vyama vya ushirika duniani vingi vilifuata mfano huo. Basi jina ni jipya, lakini kazi yenyewe ni ya babu zetu katika vyama.

JINA ZURI LISILO NA MASIKIO

Sasa tuangalie kwetu. Upande wa Changamwe, karibu na Mikindani, kuna kijiji cha Owino Uhuru. Mwaka wa 2007 palifunguliwa kando yake kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Mtu akiambiwa kwa maneno tu ataona ni kazi njema kwa nchi: betri mbovu hazitupwi ovyo, zinatumika tena, na watu wanapata ajira. Lakini moshi na maji machafu yalitoka kiwandani yakaingia kijijini. Sumu ya risasi ikaingia katika damu ya watoto, na wafanya kazi wa kiwanda nao wakaumia.

Bibi Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa pale. Mtoto wake mchanga akaugua, akapimwa, ikaonekana ni risasi. Akaacha kazi akaanza kupiga kelele, pamoja na wanakijiji. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014, na mwaka wa 2015 yeye alipewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi 1,300,000,000. Kesi ikapanda rufani na hukumu ile ikatenguliwa, mpaka mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi wao.

Angalieni, ndugu zangu. Tangu kiwanda kufunguliwa hata uamuzi ule wa mwisho ilipita miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa karibu kuchukua kitambulisho. Kutumia vitu tena hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kwamba anayevuta moshi hakuwa na sauti, na mwenye sauti hakuvuta moshi. Mwenzetu aliyesema hewa ni mambo ya wageni, namwomba aende Owino Uhuru akawaulize wenyeji.

MIKOKO YA GAZI

Upande wa pili wa habari hii uko kusini kwetu. Ukitoka Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, ukapita Ukunda, kabla ya kufika Msambweni utaona njia ya kuingia Gazi. Si mbali, kama kilomita 50 tu.

Kila mtu wa pwani anaijua kazi ya mikoko. Fito, pau, mazio na boriti za nyumba zetu za zamani zilitoka huko, na majahazi yalizipeleka mpaka Arabuni, hata Serikali ikapiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka wa 1982. Hapo Gazi miti ilikatwa vibaya pia kwa kuni za viwandani, sehemu nyingine zikabaki tope tupu. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa chuo cha utafiti wa bahari na samaki, KMFRI, walianza kuotesha tena pamoja na wenyeji.

Kisha likaja wazo la biashara. Mkoko hunyonya hewa ya kaboni, ile ile inayotoka katika moshi wa injini zetu na kuiongezea dunia joto. Huiweka katika shina, na zaidi katika tope chini ya mizizi. Tope lile halina hewa, kwa hivyo majani na mizizi haiozi upesi, na kaboni hukaa humo miaka mingi sana. Ukiukata msitu, tope hufunuka na kaboni hurudi hewani. Kwa kipimo cha eneo moja, mikoko huhifadhi kaboni kuliko misitu mingi ya bara. Basi watu wa vijiji vya Gazi na Makongeni wakauliza: kama dunia inafaidika na msitu wetu, kwa nini dunia isilipe?

Mradi wao unaitwa Mikoko Pamoja. Uliandikishwa mwaka wa 2013 chini ya kanuni za Plan Vivo, kwa eneo la hektari 117. Wanalinda miti iliyopo na kuotesha mingine, wataalamu wanapima, na kila mwaka wanauza hati za kaboni za tani kama 3,000. Wanunuzi ni watu na makampuni ya ng'ambo, na shirika moja dogo la Scotland liitwalo ACES huwasaidia kuuza. Huu ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa wanavijiji kuuza kaboni ya mikoko. Mwaka wa 2017 ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mwaka wa 2019 watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wa kwao, mkubwa zaidi, wa hektari 460.

Fedha zilikwenda wapi? Zimeleta maji ya bomba vijijini, zimetengeneza shule na kununua vitabu. Na kwa kuwa mtu hawezi kuambiwa asikate kuni bila kuonyeshwa kuni nyingine, mradi umepanda mivinje ya nguzo na kuni. Akina mama wa Gazi nao wana daraja la mbao ndani ya mikoko, wageni hulipa kuingia kutembea.

Lakini jambo kubwa kwetu ni hili: wanavijiji huchagua kamati yao wenyewe, na matumizi ya fedha huzungumzwa mbele ya watu. Sisi wa reli twajua behewa lisilo na karatasi halijulikani litokako wala liendako. Na fedha ni vivyo hivyo.

MASHAKA YANGU

Sitaki mnidhanie nimekuja kuuza dawa ya magonjwa yote. Yako mashaka matatu.

La kwanza, bei. Anayenunua hati za kaboni yuko mbali, naye ana nguvu ya kupanga bei. Yawezekana akanunua hati za Gazi huku akiendelea kutoa moshi kwake kama zamani. Mikoko ya Gazi haiwezi kuwa ruhusa ya moshi wa dunia nzima.

La pili, Serikali. Maji na shule ni haki ya raia anayelipa kodi. Mradi ukileta bomba, Serikali isikunje mikono ikasema mambo yamekwisha. Tuendelee kudai.

La tatu, na hili ni la chama hasa: kazi ya bure. Mara nyingi katika miradi hii mwenye kuandika ripoti hulipwa, na mwenye kuingia matopeni huambiwa ajitolee kwa ajili ya nchi yake. Kujitolea siku moja ni heshima. Kujitolea kila siku ni mshahara ulioliwa na mtu mwingine.

Juu ya mashaka haya kuna kinga kidogo. Sheria ya mabadiliko ya tabia nchi iliyorekebishwa mwaka wa 2023 inasema mradi wa kaboni unaotumia ardhi ya jamii lazima uwe na mapatano na jamii ile, na kila mwaka uwape si chini ya asilimia 40 ya mapato, baada ya gharama kuondolewa. Lakini neno "gharama" ni pana kama bahari. Asiyeona daftari hataijua asilimia 40 ni ya nini.

KWA NINI NI KAZI YA CHAMA

Mwenzetu alisema ada ni za mishahara. Nakubali. Lakini mshahara haupimwi kwa hesabu ya shilingi tu, hupimwa kwa kile kinachobaki mwisho wa mwezi. Mfereji ukiziba kwa chupa za plastiki, mvua ya masika inaingia nyumbani. Mtoto akiumwa tumbo, mtu anakosa zamu na kulipa dawa. Mikoko ikifa, samaki na kamba hukosa mahali pa kulea vifaranga vyao, na bei ya kitoweo inapanda. Hapo nyongeza ya mshahara tuliyoigombania mezani imekwisha kuliwa njiani. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, nasi tuliona tofauti. Lakini chupa bado zipo, na hakuna atakayeziokota kwa maneno.

MASHAURI YANGU

Kwa hivyo naleta mashauri manne ili myapigie kura.

1. Fedha za chama zitoke kama mkopo, si sadaka, zikiwa na tarehe ya kurudishwa. Kikundi kianze na taka zinazouzika kwa kilo, chupa na vyuma, kwa kuwa soko lake liko hapa hapa Mombasa.

2. Kikundi kiandikishwe kwa sheria, kila mwanachama awe na kura moja, na akina mama wawe katika kamati, si katika kupika chai tu. Hesabu isomwe kwa sauti kila mwezi hapa mtaani, siyo katika ofisi ya mtu.

3. Anayekusanya taka alipwe, na apewe glavu na viatu kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kuanzisha kazi ambayo chenyewe kingeigomea.

4. Mikoko iotwe baadaye, na tuwaulize wataalamu wa KMFRI kwanza. Kila mti una mahali pake: mlilana hukaa mbele kwenye maji, mkoko katikati, mkandaa na mchu nyuma karibu na nchi kavu. Ukiotesha pasipo pake unapanda kuni. Na akija mtu ye yote na karatasi ya kaboni, asitie sahihi mtu hata mmoja kabla karatasi ile kusomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema kutunza nchi ni kazi yetu kwa sharti moja, na sharti lenyewe mmelisikia. Chama hiki kilijengwa na watu waliochoka kufanya kazi ambayo hesabu yake ilijulikana na wengine tu. Tusiirudie hali ile kwa jina jipya. Wanaounga mkono mashauri haya wainue mikono, na wanaopinga nao wasimame watoe sababu zao, tusikilizane.

Umoja ni nguvu.