Mafuta ya Breki Yapoteayo kwa Siri

Mabwana, wenye motokaa na madereva wa Songea, twapenda kunena nanyi juu ya mafuta ya breki yapunguayo pasipo tone kuonekana chini. Ateremkaye milima ya Lukumburu, katika njia ya Njombe, pedali ikimfika sakafuni hana hila tena.

Yakipungua polepole mno, yumkini pedi zimelika tu. Yakipungua upesi, yanavuja. Fungueni kwanza dramu za nyuma, mkafunue mipira ya silinda za magurudumu: palipolowa ndipo penye ugonjwa. Zikiwa kavu, fungueni masta silinda pale ishikamanapo na busta. Hapo ndipo maficho makubwa. Mpira wa nyuma ukichakaa, mafuta huingia ndani ya busta, na injini ya petroli huyavuta ikayachoma, moshi mweupe ukatoka. Wengi huongeza mafuta kila juma wakaenda zao. Desturi hiyo hatuipendi hata kidogo.

Badilisheni mpira au silinda nzima, busta ikaushwe, kisha toeni upepo. Mafuta ya injini msiyatie kamwe, maana huvimbisha mipira yote. Halafu kanyageni kwa nguvu nusu dakika. Pedali ikizidi kuzama, gari lisiondoke.