Simu inayosema, na namba ya siri

(Maneno ya mwanachama mmoja asiyeona, mbele ya mkutano wa chama hapa Baraka. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Prezida amenipa dakika kumi na tano, akasema mtu atanigusa begani zikiisha. Si lazima. Nikigusa simu hii pale juu kwenye kioo, inanitajia saa. Sikilizeni. (Aligusa simu, ikasema.) Imesema kumi na tano na kumi, juu imepangwa kwa saa za Kizungu. Kwetu ni saa tisa na dakika kumi. Basi tuendelee.

Wengi mnanijua. 1996 nilivuka nikiona vizuri, nikipiga kasia mwenyewe. 2008 nilirudi kwa meli kutoka Kigoma nikishikwa mkono. Macho yalizimika pole pole kule kambini Nyarugusu. Waliniambia ni presha ya macho. Ile haiumi, njo maana mtu anachelewa kujua. Siku tuliposhuka hapa, nilijua tumefika juu ya harufu ya ndagala walioanikwa na sauti za watu waliokuwa wakiita ndugu zao kwa majina. Lakini hayo kila mtu hapa ana yake. Nimekuja kusema juu ya simu, na zaidi juu ya namba ya siri.

Simu yangu ya kwanza ilikuwa ya mabuto. Wewe uliye nayo, gusa buto ya 5 sasa hivi: iko na kidoti kilichoinuka. Umekipata? Kutoka pale 2 iko juu, 8 iko chini, 4 kushoto, 6 kulia. Hata ordinatere iko hivyo, herufi F na J zina alama ndogo ya kushika kwa kidole, na watu wenye macho wanaandika miaka kumi bila kuijua. Kwa kidoti kile niliweza kuita mtu yeyote. Lakini mesaji ikiingia, ilibidi nitafute macho ya kuazima.

Macho ya kuazima yalikuwa ya mtu wa nyumbani. Sitasema ni nani, na tafadhali msianze kuhesabu watu wa kwangu, niko nao wengi.

Binti yangu yuko Uvira, anauza vitenge. Mara kwa mara ananitumia makuta kwa simu. Mnajua desturi: mtoto hamtajii baba yake kiasi, inakuwa kama kujisifu. Anaita tu, anasema, "Baba, angalia simu, kuna kitu kidogo." Mimi nampa yule mtu simu, anasoma: dola 20. Tunaenda kwenye kabini, yeye anaingiza namba yangu ya siri, mwenye kabini anatoa makuta, yule mtu anayapokea na kunihesabia 20 mkononi, mimi nashukuru Mungu. Namba ya siri yangu ilijulikana na watu watatu. Mimi nilikuwa wa nne.

Baadaye binti akanitumia simu ya kioo. Sikuipenda. Kioo ni laini kama sahani, hakina kidoti, hakina kitu cha kushika. Ikawa yule mtu ndiye anaitumia, mimi naazimwa sikio nikiitwa. Mwaka mzima ikawa hivyo. Siku moja naipeleka kwa kijana anayetengeneza simu pale sokoni, juu ilikuwa haishiki moto, ananiuliza, "Muzee, mbona hutumii sauti yake?" Nikafikiri ananicheka. Akaingia ndani ya "Paramètres", akatafuta "Accessibilité", akafungua kitu kinaitwa TalkBack. Simu ikaanza kusema.

Ilikuwa ndani tangu siku ya kwanza! Google wameweka kitu hiki ndani ya simu za Android tangu 2009, bure, na iPhone nazo ziko na ya kwao inaitwa VoiceOver, pia tangu 2009. Mimi nililala mwaka mzima na sauti chini ya muto, nikilipa macho ya mtu.

Namna inavyofanya kazi ni hii. Ukigusa kioo mara moja, simu haifungui kitu, inakutajia jina la kitu ulichogusa. Ukitaka kukifungua, unagonga mara mbili haraka. Ukitelezesha kidole kwenda kulia, inaenda kwenye kitu kinachofuata, kushoto, inarudi. Kushusha ukurasa ni vidole viwili. Basi, hayo manne yanakutosha wiki ya kwanza. Mtu mwenye macho akiichukua anachanganyikiwa, anagusa na haifunguki. Nilipoipeleka kushajiwa kwenye sola, kijana wa pale alifikiri imeharibika, akataka kuifuta yote iwe kama mpya. Niliwahi kumzuia. Tangu siku ile namwambia kila mara: "Ile simu usiiguse, uipe moto tu."

Sasa usiku ule. Nilikaa kitandani, watu wamelala, nikaanza kutelezesha kidole ndani ya mesaji za zamani. Zilikuwa mule zote, hakuna aliyekumbuka kuzifuta, juu hakuna aliyefikiri nitazifikia. Mesaji za makuta zinakuja kwa Kifaransa, na mimi nilikuwa na sauti ya Kiswahili, kwa hiyo ilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini hesabu ni hesabu. 30. Nikasema sauti imekosea. Nikarudia. 30. Ya mwezi uliotangulia, 30. Mesaji zilikuwa kumi na moja. Saba kati ya hizo hazikulingana na nilichopewa mkononi. Nilijumlisha kichwani: dola 70.

Sikuita baraza la ukoo. Asubuhi nilimwita yule mtu, nikamsikilizisha mesaji moja tu. Alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Makuta hayakurudi, na sikuyadai. Ni mtu aliyenibeba mara nyingi, na njaa ya miaka ile mnaijua. Wengine wataniambia nilikosea kumwacha. Inawezekana. Lakini siku ile ile nilibadilisha namba ya siri, na leo inajulikana na mtu mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo liliniuma kuliko dola 70. Mesaji za binti yangu zote zilikuwa fupi. "Baba salamu." "Baba tumefika." Nilifikiri ni mtoto asiye na maneno. Nikamwandikia kwa kidole changu, herufi kwa herufi, karibu saa nzima: "Ni mimi mwenyewe nasoma. Hakuna mtu mwingine." Siku hiyo hakujibu. Kesho yake ikaja mesaji ndefu, nikaisikiliza nimejifungia ndani. Yaliyomo siwaambii. Yalikuwa mambo ya miaka mitatu.

Wandugu, mnaniona kama nasema juu ya vipofu tu. Hapana. Kuna wamama wengi humu ndani wanaona mpaka ng'ambo ya ziwa, lakini hawakuwekwa shule. Wao pia wanatafuta macho ya kuazima mesaji ikiingia. Wao pia namba zao za siri zinajulikana na mtoto, na mwenye kabini, na jirani. Sauti hii haikuulizi kama wewe ni kipofu.

Sasa shida zake, juu sitaki mtu aje kuniambia nilimdanganya. Ya kwanza ni lugha. Sauti ya Kiswahili ya Google ipo, unaiteremsha mara moja kwa mega, baadaye inasema hata bila rezo. Ukiacha sauti ya Kifaransa isome Kiswahili utacheka mpaka ulie: inameza H zote na inavuta neno mwishoni kama padri mgeni. Sauti inayosema Kibembe sijaipata. Lakini nimegundua sauti ya Kiswahili ikisoma Kibembe unaelewa, karibu kama Mswahili wa Kigoma anayejaribu kuomba mke kwetu. Ile ya Kifaransa, hapana kabisa.

Ya pili ni kutoa makuta. Ile menyu unayoipata kwa kupiga nyota na namba haina subira. Wewe unasikiliza chaguo la kwanza, la pili, la tatu, unatafuta mahali pa kuandika, kumbe muda umeisha, inakufungia. Mara ya kwanza nilifungiwa mara mbili, na mwenye kabini ananivuta simu: "Leta nikusaidie, muzee." Nikamwambia, "Ngoja." Ya tatu ikapita. Dawa ni kukariri njia nzima kichwani: ukijua ni 2 halafu 1, usingoje isome yote. Na angalieni sana: pale simu inaweza kutaja namba ya siri kwa sauti, unapoandika kila tarakimu. Vaa waya ya masikio. Hiyo waya ya bei ndogo ya sokoni ndiyo kufuli ya makuta yako.

Ya tatu ndiyo iliyonisimamisha hapa, na hiyo ni shida ya chama chetu wenyewe. Sauti inasoma maandishi. Kwenye simu yangu picha haisomi. Sekretere wetu, ambaye namheshimu, anaandika tangazo kwenye karatasi, anapiga kashe, anapiga picha, anaituma kwenye grupu ya WhatsApp. Mimi nikigusa nasikia "picha". Mwezi uliopita tangazo la zamu za likelemba lilikuja hivyo. Zamu yangu ilikuwa wiki ile, sikuja, nikapitwa, na watu wakasema muzee amezeeka anasahau. Sikusahau. Nilisikia "picha". Ziko programu za kusoma karatasi kwa kamera, nimejaribu. Karatasi safi iliyopigwa mashini zinaisoma, lakini mwandiko wa mkono na kashe juu yake, zinatoa maneno ya ajabu. Na zingine zinakula mega. Naomba tu: tangazo liandikwe ndani ya grupu kama mesaji ya kawaida, au sekretere aseme kwa sauti yake nusu dakika. Karatasi yenye kashe aitume baadaye kwa wanaopenda kashe. Na mama mutunza feza, mtu akilipa mchango, mtumie mesaji yenye kiasi chenyewe. Risiti ya karatasi mimi naishika tu kama jani.

Kwa vijana wanaosoma, neno moja. Msiseme kipofu hawezi ordinatere. Iko programu inaitwa NVDA, ya ordinatere za Windows, inasoma kila kitu kilicho kwenye kioo, na kazi yote unaifanya kwa mabuto bila kushika panya. Iliyokuwa maarufu kabla yake, JAWS, ni ya kulipa, na bei yake inaweza kushinda ile ya ordinatere yenyewe. Mwaka 2006 kijana mmoja wa Australia, Michael Curran, yeye mwenyewe haoni, akaanza kutengeneza ya bure. Mwenzake James Teh, naye haoni, akaungana naye. Unaweza kuibeba kwenye flashi mfukoni, ukaifungua kwenye ordinatere ya watu, na ndani yake kuna sauti ya Kiswahili pia, ingawa ni kavu kama sauti ya mtu aliye ndani ya pipa. Na hata bila hiyo: kwenye sekretaria yoyote yenye Windows 10, bonyeza Ctrl na ile buto ya alama ya Windows na Enter pamoja, ordinatere itaanza kusema. Mwenye sekretaria atashtuka. Bonyeza tena, itanyamaza.

Mtu ataniuliza juu ya serikali. Sheria ipo, ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022, ya kulinda haki za watu wenye ulemavu katika nchi hii. Ni vizuri tuijue. Lakini sheria ile haitakuja kufungua TalkBack kwenye simu ya mama yangu mdogo kule Mushimbakye. Hiyo ni kazi ya dakika tano, na mimi ninaijua.

(Aligusa simu tena.) Imebaki kidogo. Kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana nitakuwa kwenye baraza ya nyumba hii ya mkutano. Asiyeona aje, asiyejua kusoma aje. Sichukui makuta. Kijana wa sokoni amekubali kuja kusaidia kuteremsha sauti ya Kiswahili, ila mega kila mtu aje na zake. Mlete waya ya masikio. Mtoto wa kuwaongoza njiani anaweza kuja, lakini tutakapofika kwenye kubadilisha namba ya siri, atatungojea kule chini ya mwembe. Na simu ije imeshajiwa, hata nusu, juu hapa barazani hakuna pa kuchomeka.