Tafuta mlango wa pili kabla mtoto hajavua viatu

Leo nazungumza hasa na ninyi mliokuja kulea watoto. Hapa Riyadh na Jeddah jua ni kali, kwa hiyo watoto hupelekwa kucheza ndani, kwenye maduka makubwa yenye viyoyozi. Mara nyingi utakayebaki nao ni wewe.

Kule kuna magodoro ya sponji, mipira ya plastiki na nyavu. Vikishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu, na moshi huo huua kabla moto wenyewe haujafika. Tarehe 28 Mei 2012, kwa jirani zetu wa Doha, Qatar, jengo la maduka la Villaggio liliungua. Walikufa watu 19: watoto 13 na walimu 4 wa kituo cha kulelea watoto kilichokuwa ndani, pamoja na wazimamoto 2. Ilibidi waokoaji watoboe paa ili wawafikie.

Basi ukifika, kabla mtoto hajavua viatu, tafuta mlango wa pili. Juu yake kuna taa ya kijani, na kwa Kiarabu huitwa "makhraj". Nenda mpaka hapo. Ukiukuta umefungwa kwa kufuli au umezibwa na maboksi, mwambie mhudumu, kisha mwambie madamu, na msiingie.

Ukisikia king'ora au ukinusa moshi, usingoje ruhusa. Najua hofu yenu: "Madamu kaniambia nisiondoke hapa." Hasira ya madamu itapoa. Mchukue mtoto hivyo hivyo, miguu mitupu. Simu na mkoba viache. Penye moshi, inameni. Lifti msipande. Mtoto akiogopa hujificha, kwa hiyo mkae mahali unapomwona muda wote.

Mkishatoka, hesabu watoto. Mmoja akikosekana, waambie wazimamoto mara moja. Wewe usirudi ndani. Piga 998, namba ya zimamoto, au 911, ambayo inafanya kazi Riyadh na Jeddah pia. Kama Kiarabu bado, sema "hariq", yaani moto, kisha taja jina la jengo.

Sasa, kabla ya maswali, kila mmoja anionyeshe kwa kidole: mlango wa pili wa ukumbi huu uko wapi?