Mpishi wa Kibo

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kibuta)



Nimetakiwa niseme machache juu ya Kilimanjaro. Huenda mkashangaa, maana huku kwetu milima ni vile vilima vya Pugu.

Zamani tuliulizwa darasani: nani alifika kwanza kwenye kilele cha Kibo? Tukajibu: Hans Meyer, Mjerumani, tarehe 6 Oktoba 1889. Jibu ni sahihi, na alama tukapewa. Lakini alifikaje?

Mwaka 1887 Meyer alizuiwa na barafu, hana zana. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika. Vita vya Abushiri vilikuwa vimewaka pwani, akakamatwa pamoja na mwenzake Oscar Baumann, wakaachiwa kwa fidia. Mara ya tatu akaja na Ludwig Purtscheller, bingwa wa milima ya Alpi. Watu wa Marangu humtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaonyesha njia.

Kambi yao ya juu ilikuwa kadiri ya meta 4,300, mahali ambapo usiku maji huganda. Wapagazi waliteremka, wakawa wanapanda kwa zamu kuleta chakula na kuni. Aliyebaki na Wazungu wale wawili ni mtu mmoja tu, Muini Amani wa Pangani. Mtu wa pwani kama sisi, ndugu zangu, aliyezoea joto na minazi! Wenzake walipokuwa wakichonga ngazi katika barafu kwa shoka, yeye alipika na kulinda hema. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, nguvu zikawaishia, wakarudi. Siku tatu baadaye wakafika kileleni. Nani angepanda tena kama nyuma yake hapana moto wala sufuria?

Kilele kile kiliitwa jina la Kaisari Wilhelm. Mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika huko bendera na mwenge wetu, kikawa Uhuru. Barafu yenyewe inakwisha: mwaka 1912 ilienea kilometa za mraba 11 na zaidi, mwaka 2011 hazikutimia 2.

Vijana wa somo la historia, nina ombi. Mkichora Kibo ubaoni, andikeni Meyer, Purtscheller, na Amani. Chaki nitanunua mimi.