Cheti Kimoja kwa Tovuti za Majirani

Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba tovuti za taasisi za umma ziweze kutumiwa hata na wasioona. Agizo jema, lakini kila ofisi yaruhusiwa kujikagua na kujitangazia ushindi. Ni gwaride gani hilo, ambalo askari hujikagua mwenyewe?

Majirani watatu, Ubelgiji, Ufaransa na Hispania, walikwisha kuonyesha njia iliyo bora. Kwa mpango wao wa Euracert, tovuti iliyokaguliwa na kupewa cheti katika nchi moja ilitambuliwa na wenzi wote.

Askari aliyepofushwa na bomu hufuatilia malipo ya uzeeni kwa kompyuta inayomsomea maandishi. Picha ikikosa maelezo, kompyuta hunyamaza, naye hukwama papo hapo, liwepo tangazo au lisiwepo.