Paltieli Analia Nyuma ya Mapatano

Somo: 2 Samweli 3:6-39 na 5:1-5

Tunawasalimu ninyi nyote mnaotusikiliza Butembo, Beni, Oicha, Mangina na Lubero, pamoja na ninyi mtakaosoma maneno haya katika karatasi baada ya ibada. Tunawasalimu kwa namna ya pekee ninyi mliohama, mlio kambini au katika nyumba za ndugu waliowapokea, mliotoka kwenu bila hata kufunga mlango. Neno la leo ni lenu kwanza.

Kuna swali ambalo waamini wametuletea mara nyingi. Februari 2025, Goma na Bukavu zikiwa zimekwisha kuingia mikononi mwa M23, Raisi Félix Tshisekedi alisema anataka serikali ya umoja wa kitaifa. Agosti ya mwaka huo serikali ya Waziri Mkuu Judith Suminwa ikapangwa upya. Wachache kutoka upinzani wakaingia, wengine wenye majina makubwa wakabaki nje. Basi watu wanatuuliza: Mchungaji, jambo hili la serikali ya umoja tuliombee au tuliache? Wengine wanasema Mungu amesikia kilio chetu. Wengine wanasema ni watu kugawana nyama tu.

Sisi wachungaji hatukupewa kazi ya kuwachagulia mawaziri. Tulipewa Neno. Na katika Neno kuna habari ya serikali ya umoja, imeandikwa wazi, pamoja na uzuri wake na aibu yake. Fungueni kitabu cha pili cha Samweli.

Sauli amekufa. Nchi imegawanyika pande mbili. Daudi anatawala Yuda akiwa Hebroni. Ishboshethi mwana wa Sauli anatawala makabila mengine akiwa Mahanaimu, lakini aliyemweka ni Abneri, jemadari mwenye askari. Vita ni virefu. Kwenye birika la Gibeoni vijana kumi na wawili wa upande huu na kumi na wawili wa upande ule wanaanguka pamoja siku moja. Siku hiyo hiyo Abneri anamuua Asaheli, mdogo wake Yoabu. Shikeni jina hilo, Yoabu, tutamkuta tena mlangoni.

Baadaye Abneri anagombana na mfalme wake mwenyewe kwa sababu ya Rispa, suria wa Sauli. Anakasirika, anatuma wajumbe kwa Daudi: tufanye agano, nitakuletea Israeli yote. Daudi anakubali, lakini anaweka sharti: kwanza nirudishiwe Mikali, mke wangu. Mikali alikuwa ameolewa na mtu aitwaye Paltieli. Wakubwa wanakubaliana, na Mikali anachukuliwa. Paltieli anamfuata njiani akilia, mpaka Bahurimu. Abneri anamwambia, rudi. Naye anarudi. Maandiko hayamtaji tena.

Ndugu zetu, tujifunze mambo matatu hapa.

La kwanza: mapatano mengi huanza kwa hesabu ya wakubwa, na Mungu anaweza kuyatumia hata hivyo.

Abneri hakuja kwa Daudi kwa sababu aliwahurumia wale vijana wa Gibeoni. Alikuja kwa hasira na kwa hesabu yake. Hata hivyo Daudi alimwandalia karamu yeye na watu wake ishirini, akamwacha aende kwa amani. Na mwishowe makabila yote yalikuja Hebroni, wakafanya agano mbele za Bwana.

Sisi wa Beni na Butembo tunajua hesabu hiyo. Januari 2001 Uganda ilisukuma makundi yaliyokuwa chini ya mkono wake yaungane: MLC ya Jean-Pierre Bemba na RCD-K/ML, ile iliyokuwa na Mbusa Nyamwisi. Jina la umoja huo lilikuwa FLC, na makao yake yalikuwa hapa kwetu Beni. Haukumaliza mwaka. Mwishoni mwa 2002 watu wa Bemba pamoja na wa Roger Lumbala walikuwa wakipigana na watu wa Mbusa upande wa Mambasa na Komanda, na wakimbizi walikuwa wakiingia Mangina, Oicha na Beni wakiwa na watoto mgongoni.

Tazameni tarehe. Desemba 17, 2002 wakubwa hao hao walitia sahihi kule Pretoria mapatano ya kuongoza nchi pamoja, huku Mambasa damu haijakauka. Ilibidi wakutane tena Gbadolite mwisho wa mwezi ule ule ili wakubaliane kuacha kupigana. Aprili 2003 mazungumzo yakafungwa Sun City. Julai 17, 2003 makamu wanne wa raisi wakaapa: Bemba, Azarias Ruberwa, Yerodia Ndombasi na Z'ahidi Ngoma, chini ya Raisi Joseph Kabila. Ndiyo ile tuliyoiita 1+4. Mbusa naye akapata wizara. Mawaziri 36 na manaibu 25! Watu wakacheka wakasema 1+4 ni sawasawa na sifuri.

Lakini tusiseme uongo kwa ajili ya kuchekesha. Nchi iliyokuwa vipande ilirudi kuwa na serikali moja. Askari wa pande zilizopigana walikusanywa na kuchanganywa kuwa jeshi moja, wengine hapo Nyaleke, karibu na mji wa Beni. Desemba 2005 tulipiga kura ya katiba, na 2006 tukamchagua raisi. Aliyeongoza tume ya uchaguzi alikuwa mwana wa huku kwetu, Padri Apollinaire Malumalu. Kwa hiyo anayesema serikali ya umoja haina faida hata kidogo hasemi kweli. Mungu alitumia hesabu ya Abneri. Alitumia na ya kwao.

La pili: damu isiyosemwa inangoja mlangoni.

Abneri anatoka kwa Daudi kwa amani. Yoabu anarudi, anasikia, anamwita nyuma kwa hila. Anamvuta kando langoni kama mtu mwenye neno la siri, anamchoma tumboni, kwa ajili ya damu ya Asaheli. Karamu ililiwa, sahihi zilitiwa, lakini hakuna aliyekuwa ameketi na Yoabu kuzungumza habari ya mdogo wake.

Daudi alilia. Alifuata jeneza kwa miguu, akakataa kula mpaka jua lilipotua, na watu wote wakajua kwamba kifo kile hakikutoka kwa mfalme. Hilo ni jema. Lakini Daudi hakumhukumu Yoabu. Alisema wana wa Seruya ni wagumu kumshinda. Miaka ikapita. Baada ya vita vya Absalomu, Daudi akamweka Amasa, jemadari wa waasi, kuwa mkuu wa jeshi, ili aponye nchi. Ni nani aliyemuua Amasa? Ni Yoabu yule yule, safari hii akimshika ndevu kama anayetaka kumbusu. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Mapatano ya 2002 yaliweka tume ya ukweli na upatanisho, na mtumishi wa Mungu wa Kanisa la Kristo la Kongo akapewa kuiongoza. Lakini viti vya tume viligawiwa makundi yale yale yaliyopigana. Yoabu aliwekwa kuwa hakimu wa kesi ya Abneri. Tume ikamaliza muda wake, na mjane wa Mambasa hajaitwa kusema lolote. Machi 2007, miezi michache tu baada ya uchaguzi, askari wa Bemba na jeshi la serikali walikuwa wakipigana katikati ya Kinshasa. Na hao M23 walichukua jina lao wapi? Kwenye mapatano, yale ya Machi 23, 2009. Tumefika mahali ambapo mapatano yanazaa jina la vita. Kijana anayetazama hayo anajifunza nini? Kwamba bunduki ndiyo mlango wa kuingilia ofisini, na anayelima maharagwe Lubero kwa amani hataitwa mezani.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Hebroni ile ile ya Daudi leo ni mji wa Wapalestina. Makundi yao mawili, Fatah na Hamas, yalipatana Makka Februari 2007, yakaunda serikali ya umoja mwezi wa Machi, na mwezi wa Juni yalikuwa yakiuana Gaza. Tunaoombea amani ya Yerusalemu, tuwakumbuke na Paltieli wa huko.

La tatu: Mungu anamwona Paltieli.

Wakubwa wanapopatana, kuna mtu anayetembea nyuma akilia, na anayeambiwa rudi. Sisi tunamjua mtu huyo. Desemba 30, 2018 nchi nzima ilipokwenda kumchagua raisi, Beni na Butembo tuliambiwa tungoje, kwa sababu ya Ebola na usalama. Pale Beni watu walijipanga mistari, wakaandaa kura yao wenyewe ambayo hakuna aliyeihesabu Kinshasa. Tulipopewa kura Machi 2019, raisi alikuwa amekwisha kuapa. Kisha Kinshasa wakaunda muungano wa FCC na CACH, Desemba 2020 wakauvunja, wakaunda mwingine. Wao wanafunga na kufungua, na sisi tangu Oktoba 2014 tunazika. Rudi, Paltieli.

Lakini sikieni: Roho Mtakatifu angeweza kuacha machozi ya Paltieli nje ya Biblia. Habari ya ufalme ingeendelea bila yeye. Akayaandika. Mfalme hakuyaona, Abneri aliyaona akayafukuza, Mungu aliyaweka katika Kitabu. Kwa hiyo machozi ya Beni hayajapotea.

Sasa tuseme na habari yetu wenyewe, maana ni rahisi kuhubiri Kinshasa. Katika kusanyiko letu alikuwako mama mmoja aliyetukimbilia kutoka upande wa Mambasa mwaka ule wa 2002, bila mume. Alikuwako pia ndugu mmoja, mwimbaji mzuri, aliyebeba silaha akiwa kijana. Hatutataja alikuwa upande gani. Miaka mingi walishiriki Meza ya Bwana pamoja, na sisi viongozi tulijua, tukanyamaza. Tuliita ukimya wetu amani. Tulisema, wakubwa wamekwisha kupatana, tusichokonoe kidonda.

Ni yule ndugu aliyekuja mwenyewe, baada ya mfungo, akasema hawezi kuimba tena. Tukawaketisha, pamoja na wazee wawili, kama baba zetu walivyoketi katika kyaghanda kuzunguka moto. Mama hakuomba ng'ombe wala pesa. Aliuliza tu: ilikuwa siku gani? Yule ndugu hakuwa amemuua mume wake, lakini alikuwako kijijini, alijua siku. Akaisema. Hawakukumbatiana. Mama alisema, sasa najua tarehe ya kulia. Tangu wakati huo kila mwaka siku hiyo tunaomba pamoja naye, na yule ndugu anakuja, anakaa benchi la nyuma. Hilo ndilo tulilopata. Si kubwa, lakini ni la kweli, na tunatubu mbele zenu kwamba tulilichelewesha miaka mingi.

Basi, je, tuiombee serikali ya umoja? Ndiyo, tuiombee. Paulo anatuagiza kuwaombea wenye mamlaka. Lakini tuombe kwa akili.

Tuwaombee wakubwa wapatane, tukiomba pia wajane waitwe mezani. Mapatano yasiyo na nafasi ya Paltieli, tuyaite mapatano nusu, bila woga na bila matusi.

Tusimtabirie mtu yeyote kiti. Wakati wa vita vile baadhi yetu tulimtabiria huyu ushindi na yule utukufu, tukapewa sadaka nono. Tuache. Nabii anayekula kwa Abneri hawezi kulia na Paltieli.

Ninyi vijana mnaoitwa msituni, na ninyi mlio tayari na Wazalendo, hatutawatukana, kwa maana tunajua mmeona nini. Lakini tunawasihi: msimwage damu ya raia kwa jina la kulinda raia, na msiwaulize watu kabila kwenye vizuizi vya barabara. Damu hiyo nayo itangoja mlangoni.

Na kila kusanyiko litafute watu wake wawili. Wapo. Wanaimba zaburi moja na hawasalimiani. Msingoje tume kutoka Kinshasa ije kuwaketisha.

Tuombe. Baba, wewe uliyeandika machozi ya Paltieli, andika na ya Beni, ya Lubero, ya Mambasa na ya Goma. Wape watawala wetu moyo wa kumfuata maiti kwa miguu kama Daudi, na ujasiri ambao Daudi aliukosa wa kumhukumu Yoabu. Utusamehe sisi watumishi wako ukimya wetu. Uifanye Meza yako iwe mahali pa kweli. Kwa jina la Yesu, aliyeziunganisha pande mbili kwa damu yake mwenyewe wala si kwa damu ya wengine. Amina.